John Aitken, Mtu Aliyehesabu Vumbi la Hewani

Mji wa Morogoro umejengwa chini ya milima ya Uluguru. Asubuhi nyingi, hasa wakati wa masika, wakazi wa mji huo hutazama juu wasikione kilele cha Bondwa, ingawa kilele hicho kina urefu wa zaidi ya meta 2,000 kutoka usawa wa bahari. Wingu jeupe huwa limekifunika kama kilemba. Mtu apandaye mlima asubuhi hiyo na kuingia ndani ya wingu hukuta kwamba si pamba wala si moshi. Ni maji matupu yaliyo katika matone madogo mno. Nywele zake hulowa, na nguo zake hulowa, ingawa mvua hainyeshi.

Maji hayo yametoka mbali. Tumekwisha kujifunza kwamba joto la jua huyageuza maji ya bahari kuwa mvuke, na ya kuwa mvuke hauonekani kwa macho. Pepo za kusi na za kaskazi huuchukua mvuke huo kutoka Bahari ya Hindi na kuuleta bara. Katika nchi tambarare ya Pwani hewa hupita bila kizuizi kikubwa. Ifikapo Uluguru hukuta ukuta wa milima, na kwa kuwa haiwezi kupenya mwamba, hulazimika kupanda. Hewa ipandayo hutanuka, na itanukapo hupoa. Kwa kila meta 100 za kupanda, hewa ambayo bado haijafanya wingu hupoa kwa kiasi cha digrii 1 ya Sentigredi. Mwisho hupoa kiasi kwamba mvuke wote hauwezi kubaki mvuke. Sehemu yake hugeuka kuwa matone, na matone hayo ndiyo wingu.

Ndiyo maana upande wa mashariki wa Uluguru, kama vile Kinole na Matombo, ambako upepo wa bahari hufika kwanza, hupata mvua nyingi zaidi kuliko upande wa magharibi.

Lakini liko fumbo moja. Tone la maji halina budi kuanzia juu ya kitu fulani. Umande huanzia juu ya jani la mgomba. Matone yanayoonekana nje ya gilasi ya maji baridi huanzia juu ya kioo. Huko angani hakuna majani wala gilasi. Je, tone la wingu huanzia juu ya nini?

Mtu aliyelijibu swali hili kwa ukamilifu kuliko waliomtangulia hakuwa profesa, wala hakuwa na kazi katika ofisi ya utabiri wa hali ya hewa. Alikuwa fundi wa mitambo ambaye ugonjwa ulimwondoa katika kazi yake. Jina lake lilikuwa John Aitken.

Aitken alizaliwa tarehe 18 Septemba 1839 katika mji wa Falkirk, nchini Uskoti, ambayo ni sehemu ya kaskazini ya Uingereza. Baba yake alikuwa mwanasheria. Karibu na Falkirk palikuwa na viwanda vikubwa vya chuma, na moshi wa makaa ya mawe ulipanda juu usiku na mchana. Mtoto wa Falkirk hakuhitaji kuambiwa moshi ni nini.

Alisoma katika shule ya mji wake, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Glasgow. Alikusudia kuwa mhandisi wa meli, akajifunza ufundi huo katika kiwanda cha Napier mjini Glasgow, kiwanda kilichosifika kwa kuunda meli za mvuke. Lakini afya yake ilidhoofika, naye akalazimika kuiacha kazi aliyoisomea. Akarudi Falkirk akiwa bado kijana.

Aitken alikuwa na bahati moja, nayo inafaa kutajwa: mali ya jamaa yake ilimtosha kuishi bila mshahara. Wagonjwa wengi wa wakati wake hawakuwa na nafasi kama hiyo. Hata hivyo hakuitumia nafasi yake kwa kustarehe. Alijitengea mahali pa kazi katika nyumba yake, akatengeneza kwa mikono yake vyombo alivyovihitaji. Ufundi aliojifunza kwa ajili ya meli sasa ulimsaidia kutengeneza pampu, bomba na visanduku vya kioo visivyopitisha hewa. Maisha yake yote yaliyobaki aliyatumia kuchunguza mambo ambayo watu huyaona kila siku: rangi ya maji ya bahari na maziwa, umande, ukungu, na mawingu.

Jaribio lililompa sifa lilikuwa rahisi sana. Alichukua vyombo viwili vikubwa vya kioo. Kimoja alikijaza hewa ya kawaida ya chumbani. Cha pili alikijaza hewa iliyopitishwa kwanza katika pamba iliyoshindiliwa, nayo pamba ikaizuia kila chembe ya vumbi. Kwa macho hapakuwa na tofauti yoyote, kwa sababu hewa zote mbili zilionekana safi. Kisha akapitisha katika kila chombo mvuke utokao katika maji yachemkayo.

Katika chombo cha kwanza pakatokea ukungu mzito mweupe. Katika chombo cha pili hapakutokea kitu. Mvuke ulikuwamo, tena mwingi, lakini hewa ilibaki angavu kama mwanzo. Maji yaligeuka matone penye kuta za kioo tu.

Jibu la fumbo likawa hilo. Tone la wingu huanzia juu ya chembe ya vumbi. Kila tone la ukungu lina chembe yake katikati, kama embe lilivyo na kokwa. Pasipo na chembe, mvuke hukosa mahali pa kushika.

Aitken aliisoma taarifa ya majaribio haya mbele ya Chama cha Kifalme cha Edinburgh mwezi wa Desemba mwaka 1880. Ni haki kusema hapa kwamba hakuwa mtu wa kwanza kuliona jambo hili. Miaka mitano kabla yake, mwaka 1875, Mfaransa mmoja aitwaye Paul-Jean Coulier alikuwa amefanya jaribio linalofanana na hilo. Aitken hakuwa na habari zake. Alipozipata alikubali kwamba Coulier ndiye aliyetangulia. Lakini Coulier hakuendelea mbali na jambo hilo, ambapo Aitken aliling'ang'ania kwa miaka mingi.

Jaribio

Unaweza kuliona jambo hili darasani. Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, yenye kifuniko kinachobana. Tia ndani maji ya uvuguvugu kiasi cha kujaza vijiko vitatu, funga, tikisa kidogo. Ibane chupa kwa mikono yako miwili kwa nguvu, halafu iachie ghafula. Utaona ukungu mdogo sana, pengine usione kabisa. Sasa mwalimu awashe njiti ya kibiriti, aizime, na kuiweka njiti inayofuka moshi katika mdomo wa chupa kwa muda mfupi. Funga tena upesi. Bana chupa, kisha iachie. Mara hii wingu litajaa ndani. Ukiibana tena wingu litatoweka, na ukiiachia litarudi. Unapoiachia chupa, hewa ya ndani hutanuka na kupoa, kama ifanyavyo ile ipandayo katika miteremko ya Uluguru. Moshi wa kibiriti umeleta chembe.

Aitken alitaka kujua ni vitu gani hasa vinavyoleta chembe hizo. Akagundua kwamba neno vumbi lina maana pana kuliko vile tunavyodhani. Alipasha moto kipande kidogo mno cha waya wa chuma ndani ya hewa iliyochujwa, na hewa hiyo ikaweza kufanya ukungu. Kilichotoka katika waya hakikuonekana kwa macho. Moto wa gesi ulitoa chembe nyingi sana, hata ulipowaka vizuri bila moshi. Kiberiti, yaani salfa, kilipochomwa kilitoa chembe zilizofanya ukungu mzito kupita kiasi. Na chumvi ya kawaida, ile itiwayo katika mboga, ilipochomwa katika ndimi za moto ilikuwa na nguvu kubwa ya kuita mvuke.

Jambo hili la chumvi ni muhimu sana kwa mawingu ya baharini. Mawimbi yavunjikapo hurusha rasharasha. Matone yaliyo madogo zaidi hukauka hewani, na chembe za chumvi hubaki zikipeperushwa na upepo. Chumvi hupenda maji, nawe umekwisha kuiona chumvi ikilowa katika kibakuli wakati wa mvua. Kwa hiyo upepo utokao Bahari ya Hindi hauleti mvuke peke yake. Huleta pia chumvi. Ukifika Uluguru huwa umechanganyika pia na vumbi la udongo, moshi wa majiko na moshi wa mashamba yachomwayo kabla ya mvua.

Katika miaka hiyo watu wa Uingereza walikuwa na sababu kubwa ya kuusikiliza uchunguzi wa ukungu. Mapema mwaka 1880 ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe ulilala juu ya London kwa majuma kadhaa, na watu wengi walikufa kwa maradhi ya kifua. Wengi waliamini kwamba tiba ilikuwa moja tu, yaani kutengeneza majiko yasiyotoa moshi mweusi. Aitken angeweza kuwapendeza kwa kuwaambia kwamba wamepata. Hakufanya hivyo, kwa kuwa majaribio yake yalionyesha jambo jingine. Majiko bora yangeuondoa weusi na uchafu wa ukungu, na hilo lilikuwa jema, lakini ukungu wenyewe ungeendelea kuwapo, kwa maana hata moto usio na moshi hutoa chembe zisizoonekana.

Tena alionyesha kwamba kulaumu vumbi lote ni kosa. Kama hewa yote ya dunia ingechujwa kama hewa ya chombo chake cha pili, kusingekuwa na ukungu wala mawingu, na yumkini mvua pia isingekuwapo. Mvuke ungejaa hewani mpaka ukose nafasi, kisha ungegeuka maji juu ya kila kitu ulichokigusa: miti, kuta za nyumba, na nguo za watu. Hata kujifunika mwavuli kusingefaa kitu.

Aitken aliona jambo jingine katika vyombo vyake, ambalo watu hawakulitilia maanani sana wakati ule. Chembe zilipokuwa nyingi, mvuke uligawanywa kwa chembe zote, na kila moja ikapata maji kidogo. Matone yakawa madogo mno, na ukungu ukawa mweupe mzito uliokaa muda mrefu hewani. Chembe zilipokuwa chache, kila moja ilipata maji mengi. Matone yakawa makubwa, mazito, yakaanguka chini upesi kama manyunyu. Ni sawa na sufuria moja ya uji. Wakigawiwa watoto watano, kila mmoja hushiba. Wakigawiwa watoto mia, kila mmoja huonja tu.

Ilibaki kazi ya kuhesabu. Lakini chembe zisizoonekana zitahesabiwaje? Aitken alizifanya zionekane kwa kuzivisha maji. Mwaka 1888 alikamilisha kifaa chake cha kuhesabia vumbi. Kilikuwa na kisanduku chenye kina cha sentimeta 1. Chini yake palikuwa na kibao kilichong'arishwa kama kioo, kilichochorwa miraba midogo, kila upande milimita 1. Aliingiza hewa kidogo aliyotaka kuipima, akaichanganya na hewa nyingi iliyochujwa ili chembe zisisongamane. Kwa pampu aliitanua hewa ikapoa. Kila chembe ikapata tone lake, na matone yakaanguka juu ya kibao. Kisha Aitken akayahesabu kwa kutazama katika lenzi.

Hesabu yenyewe unaiweza. Hewa iliyo juu ya mraba mmoja ni sehemu moja katika mia ya sentimeta 1 ya ujazo. Kwa hiyo idadi ya matone katika mraba mmoja lazima izidishwe mara 100. Ikiwa hewa ile ilikuwa imechanganywa mpaka ikawa mara 50 ya kiasi chake cha mwanzo, lazima tuzidishe tena mara 50. Tuseme Aitken ameona matone 4 katika mraba. Basi 4 mara 100 mara 50 ni 20,000. Chembe 20,000 zilikuwamo katika sentimeta moja ya ujazo, yaani katika nafasi isiyozidi ncha ya kidole!

Majibu aliyoyapata yaliwashangaza watu. Hewa ya nje baada ya mvua ilikuwa na chembe 32,000 katika kila sentimeta ya ujazo. Siku ya ukavu ilikuwa na 130,000. Hewa ya chumba kilichowashwa taa za gesi ilikuwa na chembe 1,860,000, na karibu na dari ya chumba hicho zilikuwa 5,420,000. Angalia kwamba mvua ilipunguza chembe. Mvua huisafisha hewa, nasi wenyewe huona milima iliyo mbali ikiwa wazi zaidi mara mvua inapokatika.

Aitken alikichukua kifaa chake safarini, ingawa hakuwa mtu mwenye nguvu. Mwaka 1889 alipima hewa juu ya mnara wa Eiffel mjini Paris, mnara wenye urefu wa meta 300 hivi uliokuwa umemalizika kujengwa mwaka huohuo. Alipima pia katika pwani ya kusini ya Ufaransa na juu ya mlima Rigi nchini Uswisi. Juu ya Rigi aliona kwamba upepo uliotoka kwenye vilele visivyokaliwa na watu ulikuwa na chembe chache, na ule uliotoka katika nchi yenye miji ulikuwa na chembe nyingi. Katika pwani ya magharibi ya Uskoti, upepo uliotoka moja kwa moja katika bahari kuu ulikuwa na mia chache tu kwa kila sentimeta ya ujazo. Kwa njia hiyo alijifunza kuitambua hewa kwa kuhesabu: hii imetoka baharini, na hii imepita juu ya viwanda.

Kifaa kama hicho kiliwekwa pia katika kituo cha hali ya hewa kilichokuwa juu ya Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote ya Uingereza. Ben Nevis una urefu wa meta 1,345, karibu nusu tu ya vilele virefu vya Uluguru. Mwaka 1894 kijana mmoja wa Uskoti, Charles Wilson, alikaa katika kituo hicho kwa majuma mawili akiyatazama mawingu. Akavutiwa, akaenda kuyatengeneza ndani ya kioo kwa njia inayofanana na ya Aitken. Yeye aligundua kwamba mvuke unaweza kufanya matone bila vumbi, lakini kwa kupozwa ghafula kupita kiasi kinachopatikana katika mawingu ya kawaida. Kwa kifaa kilichotokana na majaribio hayo wanasayansi waliweza kuona njia za chembe zitokazo ndani ya atomu, na Wilson akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1927.

Aitken hakuwahi kushika cheo cha ualimu katika chuo chochote. Hata hivyo mwaka 1889 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chama cha Kifalme cha London, na mwaka 1917 chama hicho kilimpa nishani. Alifariki Falkirk tarehe 14 Novemba 1919, akiwa na umri wa miaka 80.

Wanasayansi waliokuja baadaye walirekebisha jambo moja katika kazi yake. Kifaa chake kiliipoza hewa kwa nguvu kuliko upepo upandao mlima, kwa hiyo kilihesabu hata chembe ndogo mno ambazo katika wingu la kweli hazifanyi tone. Chembe hizo ndogo mno bado huitwa chembe za Aitken. Zile zifanyazo mawingu ni kubwa zaidi kidogo, na chumvi ya bahari ni mojawapo. Tone lenyewe la wingu ni dogo pia. Milimita 1 ikigawanywa katika sehemu 50, sehemu moja ni kama upana wa tone hilo, na hutakiwa matone kama milioni moja kufanya tone moja la mvua.

Na lile jambo la chembe nyingi na matone madogo lilikuja kuonekana mahali ambapo Aitken asingeweza kufika. Katika miaka ya 1960 setilaiti zilianza kupiga picha za bahari kutoka juu. Katika Bahari ya Pasifiki picha zilionyesha mawingu ya chini yaliyotandaa kama mkeka, na juu yake mistari myeupe iliyonyooka, mirefu kupita urefu wa wilaya nzima. Iligunduliwa kwamba chini ya kila mstari meli ilikuwa imepita. Hewa ya bahari kuu ina chembe chache. Moshi wa meli uliziongeza, upepo ukazipandisha mpaka ndani ya wingu, na maji yaleyale yakagawanywa katika matone mengi madogo. Matone mengi hurudisha mwanga wa jua zaidi, ndiyo maana mistari ilionekana myeupe kuliko wingu lililoizunguka. Na matone madogo hukawia kuungana kuwa mvua.

Maswali

1. Kwa nini hapakutokea ukungu katika chombo cha pili cha Aitken, ingawa mvuke ulikuwamo?

2. Katika mraba mmoja wa kifaa cha Aitken mna matone 3. Hewa ilikuwa imechanganywa mpaka ikawa mara 20 ya kiasi chake cha mwanzo. Tafuta idadi ya chembe katika sentimeta 1 ya ujazo.

3. Upepo wa kusi unavuma kutoka baharini kuelekea Kinole. Eleza mambo mawili unayoyachukua ambayo yatahitajika kufanya wingu, na jambo moja linalofanywa na mlima.

4. Angalia milima au vilima vilivyo karibu na shule yako siku moja ya kiangazi wakati mashamba yanachomwa, kisha siku moja baada ya mvua kubwa. Andika tofauti unazoziona.